Mwanamke wa Beseni kwenye Sayari ya Chumvi

12 Januari

Binti wa Maputo kanipa kaderno mpya na kalamu mbili. Kasema, "Babu Tuaibo, kila siku andika unachokikumbuka, hata mstari mmoja unatosha." Nkamwambia mwanangu, mstari mmoja mie haunitoki, mdomo wangu hauna breki. Halafu shule sikuiona hata mlango. Herufi nilijifunzia kwenye makaratasi ya filimu yaliyobandikwa nje ya banda la video, ndiyo maana neno la kwanza kulijua kuandika ni LEO na la pili SAA TISA. Kacheka. Mtu anayecheka upesi mie nampenda.

Jina lake Cátia. Mmakonde wa Mueda, ila Kiswahili kalishwa na bibi yake aliyekaa ukimbizini Mtwara, kwa hiyo anaongea kizee kuliko mie. Kaja Palma kwa ajili ya Sayari ya Chumvi.

Atakayesoma hapa asinambie hiyo filimu haijui. Mwaka themanini na mbili Wazungu walikuja na malori manne mpaka kwenye mashamba ya chumvi, huko upande wa Quionga, wakapiga filimu ya watu wa roketi. Mkubwa wao tulimwita Bwana Kofia. Alipapenda kwa kuwa ardhi yote nyeupe, akasema panafanana na sayari isiyo na watu. Na sie tumejaa pembeni tunamtazama! Filimu yenyewe hivi: watu watatu wa roketi wanaangukia kwenye sayari yote chumvi, roketi imekufa, mara majitu yanachomoka ardhini. Lile jitu kubwa la mbele, lenye kifua kama mlango wa msikiti, ni mie. Palma nzima inajua. Mwaka wa arobaini na tatu huu nawaeleza, wakisahau nawaeleza tena.

Sasa wanaitoa upya. Cátia kasema wameiosha, na kompyuta inarekebisha kila panapoonekana pabaya. Yeye kazi yake kukusanya kumbukumbu za watu waliokuwepo. Nkamwambia safari yako imeishia hapa, binti, umempata jitu mwenyewe.

13 Januari

Mvua kutwa. Nyumba yangu inavuja pawili. Nimetega sufuria moja, pa pili namwachia Mungu.

15 Januari

Leo kanionesha kompyuta. Tumekaa kwenye banda la video la Gaspar, maana ndiko kwenye jenereta. Gaspar naye Mmakonde, mtani wangu, mtu wa maneno makali na roho laini. Kaniona tu kasema, "Mlete karibu hilo jitu, lisije likakalia kiti changu cha kuazima."

Cátia kabonyeza, jitu likatokea, lile la zamani, suti ya magunia na gundi. Kabonyeza tena. Yarabi! Jitu lina magamba, macho yanawaka, mate yanadondoka mpaka nikasogeza miguu.

"Na mie nimekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Upo ndani yake, babu. Kompyuta imechukua mwendo wako, imeuvisha ngozi nyingine."

Likatembea. Linavuta mguu wa kushoto, linavuta, linasimama. Cátia akanitazama miguu yangu.

"Mbona wewe huvuti mguu?"

"Nilikuwa naigiza, binti! Wewe unadhani walinichagua kwa sura?"

Gaspar akakohoa. Ana kikohozi kimoja cha uongo, namjua.

Halafu kanionesha orodha ya makosa. Yapo arobaini na kitu. Waya unaonekana nyuma ya roketi. Mtu wa roketi kavaa saa ya mkononi ndani ya glavu. Kuku. Kweli, kuku kapita kwenye sayari! Namba thelathini na moja: mwanamke kabeba beseni kichwani, mbali kule nyuma, anavuka kutoka kushoto kwenda kulia, na huku mbele watu wa roketi wanalia kwamba sayari nzima hamna kiumbe hai. Sekunde kumi na moja.

Nikataka kujua mtu anafutwaje. Hili nimeliuliza kwa moyo wote, maana nimeona watu wanafutwa kwa njia nyingi lakini hii bado. Cátia kasema sekunde moja ina picha ishirini na nne. Kompyuta inakwenda picha baada ya picha, inachukua chumvi ya kushoto kwake na ya kulia kwake, inaishonea pale alipo.

"Kama kutia kiraka kwenye mkeka."

"Hivyo hivyo babu, ila kiraka hakionekani."

"Na kivuli chake?"

"Nacho kinatoka."

"Na nyayo? Kapita kwenye chumvi mbichi yule. Watu wa roketi baadaye wanapita palepale. Nyayo za peku za nani?"

Cátia kainama kwenye kompyuta, kakodoa, kapiga paja. Nyayo wote hawakuziona! Kaandika: thelathini na moja, herufi b. Basi nikajiona fundi.

Ila yule mwanamke nilimjua. Mwendo wake ukiuona mara moja huusahau. Sikusema. Nikaaga, nikasema tumbo linanisumbua.

16 Januari

Mvua. Tumbo zima kabisa.

19 Januari

Leo kumetokea jambo. Rehema, jirani yangu, yule anayeuza badjia, aliletea watu wa bandani chakula. Mikono yote imeshika sahani. Cátia alikuwa anapitisha namba thelathini na moja, anazisaka zile nyayo. Rehema kasimama. Kasimama tu. Badjia zinapoa.

"Huyo nani?" kauliza.

"Kosa la filimu, dada. Mama mmoja alipita kwa bahati mbaya."

"Mrudishe nyuma."

Cátia karudisha. Mwanamke kavuka.

"Huyo mama yangu," Rehema kasema. "Huyo Mariamo binti Sualehe. Mzee Tuaibo, mbona umenyamaza? Si mama huyo?"

Nikasema ndiye.

Cátia kamshika mkono. Basi Rehema kaeleza mwenyewe, taratibu, kama anayeeleza bei ya unga. Mama yake kafariki zamani, mwaka tisini na tisa. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, ile ya kwenye bilhete ya utambulisho, imewekwa kwenye bahasha pamoja na vyeti. Mwaka ule wa vita tuliokimbia wote, nyumba yake iliungua na bahasha ndani. Wanawe hawajui bibi yao alifananaje. Yeye mwenyewe, kasema, siku hizi akimfikiria mama anaona nguo, uso hauji.

"Na nyinyi mnamfuta lini?"

"Filimu inafungwa mwisho wa mwezi wa tatu," Cátia kajibu.

"Waambie wasimfute."

"Naweza kukupa picha yake, dada Rehema. Nitaitoa kwenye kompyuta, kubwa."

"Nipe. Lakini na huko kwenye filimu wasimfute. Mama alikuwa anatembea. Picha haitembei."

20 Januari

Cátia kaivuta ile picha karibu, mpaka chumvi ikawa mawe. Kumbe filimu ikioshwa inaonesha hata ambacho jicho halikuona siku ile! Uso wa Mariamo mdogo, umekunjwa kwa jua. Kitambaa kichwani, beseni la bati, na mgongoni kibeleko. Kwenye kibeleko pametoka kitu. Tukabishana. Gaspar kasema kiazi. Mie nikasema kata ya maji. Cátia kavuta tena.

Unyayo wa mtoto. Vidole vitano, mtu anavihesabu.

Rehema ni wa kwanza kwa mama yake, na mwaka ule ndio alikuwa wa mgongoni. Nikamwambia, "Jirani, wewe ulifika sayari nyingine hata meno hujaota, halafu unatuuzia badjia kimyakimya!" Kacheka mpaka kalia. Au kalia mpaka kacheka, sikujua kilianza kipi.

Jioni Cátia kaandika barua kwa Bwana Kofia. Kumbe yungali hai.

24 Januari

Jibu bado. Maji yamepita juu ya barabara huko Mute, chapa za abiria zimerudi.

29 Januari

Gaspar kanitania mbele ya watu: "Hili jitu linaogopa nini? Tangu Rehema amwone mama yake halijajisifu hata mara moja." Nikamwambia najisifia ndani kwa ndani, nje mvua.

2 Februari

Jibu limekuja. Hapana.

Cátia kanisomea kwenye simu. Mzee anasema hivi: miaka yote hii huko kwao watu wanacheka. Kuna watu kazi yao kukusanya makosa ya filimu, na kosa lake ndilo la kwanza kwenye orodha zao. Mwangaza kaupigania mwaka mzima, muziki, maneno, hakuna anayevikumbuka. Wanachokumbuka ni mwanamke wa beseni. Wamemchapa mpaka kwenye fulana. Na siku ile, kasema, mwanamke yule alimharibia zaidi ya filimu. Kasema ana miaka themanini na minane, na hii ndiyo nafasi ya kuiona filimu yake kama alivyoiona kichwani, kabla hajafa.

Nilitaka kumtukana, nikakosa pa kuanzia. Mtu kutaka kazi yake iwe safi, ubaya uko wapi? Na Rehema kumtaka mama yake, ubaya uko wapi?

Rehema kasema, "Hajui kama ni mama wa mtu." Kachukua beseni lake la badjia kaenda sokoni.

3 Februari

Nimewaza. Huko kwao Mariamo ni kosa. Kwetu hajawahi kuwa kosa hata siku moja.

Nieleze. Filimu hii ilirudi Palma kwa mkanda wa video, miaka ya tisini, na lugha yake hapa hakuna aliyeijua. Kwa hiyo mie nilikuwa nasimama pembeni ya televisheni na fimbo na kipaza sauti, naieleza kwa Kiswahili, wanachosema na wasichosema. Ndivyo mabanda yote yalivyokuwa, pasipo na mwelezaji watu hawalipi. Na Mariamo akitokea banda zima lilikuwa linamwitikia. "Mama Rehema, shikamoo!" "Mama Rehema, chumvi bei gani?" Ningesema nini? Kosa? Nilisema huyu ndiye mwenye sayari. Wale watatu wanalia hapa hamna mtu, na mwenye pake anapita nyuma yao na kazi zake, anawaona wajinga. Filimu yote niliisimulia hivyo, na majitu ni wafanyakazi wake. Watu walipiga makofi. Yeye mwenyewe alikuja mara moja, kakaa nyuma, kasema, "Tuaibo, muongo wewe," karudi kwake. Rehema bado msichana, mama yake alimkataza mabanda, na akisikia habari za filimu alidhani ni uongo wangu.

Nimemwambia Cátia. Macho yake yalikuwa kama ya lile jitu jipya.

7 Februari

Tumeirekodi. Saa tisa mchana, banda limejaa mpaka dirishani, mvua inapiga bati mpaka Cátia kafunga kitambaa kwenye maikrofoni. Miaka kumi na kitu sijaeleza filimu. Koo lilikuwa na kutu dakika mbili, baada ya hapo hata mvua ilisikiliza!

Mariamo alipotokea walikuwepo vijana hawakumjua kabisa, wakasikia wazee wanaitikia, wakaitikia na wao. "Mama Rehema, shikamoo!" Bati likatikisika. Rehema alikuwa mlangoni. Kaitikia kwa sauti ndogo, "Marahaba," badala ya mama yake.

Cátia kaituma kwa Mzungu.

11 Februari

Hamna jibu. Sufuria tatu sasa.

15 Februari

Hamna jibu, hamna rede ya simu, hamna chumvi sokoni. Chumvi! Palma!

18 Februari

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga.

24 Februari

Rede imerudi na ujumbe umerudi nayo. Bwana Kofia kaitazama ile rekodi yetu mara tatu. Kacheka, Cátia kasema, mpaka nesi wake kaingia. Lakini msimamo wake palepale, ila anataka kwanza kuzungumza na "lile jitu." Kesho kutwa, saa nane mchana, uso kwa uso kwenye kompyuta.

Gaspar kasema, "Haya jitu, nenda kapigane." Palma yote imeniambia maneno hayohayo leo. Nimekula daku kidogo.

26 Februari

Cátia, ukifika ukurasa huu uruke. Nakuomba. Hapana, soma, ulikuwepo.

Saa nane tulikaa bandani, Cátia, mie, Gaspar, Rehema, na watu waliojifanya wamekuja kujikinga mvua. Kompyuta ikalia, mzee kaonekana. Kapungua, mashavu yameingia ndani, mashine ya pumzi puani. Kofia bado anayo. Ndani ya nyumba!

Kasema, Cátia akinitafsiria: "Wewe ndiye jitu langu?"

Swali rahisi. Nimelijibu mara elfu. Lakini nimefunga, funga ya nane, na mdomo wa saumu ulivyo, uongo unaganda kwenye ulimi kama uji wa jana. Nikasema, "Muulize yule mwanamke alimharibia nini siku ile."

Mzee kavua miwani. Kasema alikuwa na msaidizi, kijana, rafiki yake kuliko ndugu, ndiye aliyepewa kazi ya kuhakikisha hapiti mtu. Mkanda wa kupigia filimu ulikuwa umebaki mmoja, na jua linakwenda, na wingu linakuja. Walipiga mara moja tu. Usiku walipojua kapita mtu, alimtukana rafiki yake mbele ya wote, kamfukuza kazi. Asubuhi yule kijana kapandishwa lori. Hawakusemeshana tena. Kafa miaka sita iliyopita. "Kwa hiyo nikimwona huyo mwanamke," kasema, "simwoni yeye. Namwona rafiki yangu ananiapia kwamba aliweka mtu kwenye njia. Nami sikumwamini."

Nilimwona yule kijana akipanda lori. Analia, na kikombe cha chai mkononi kasahau kukirudisha. Nilikuwa hatua kumi.

Nikamwambia Cátia, "Tafsiri neno kwa neno, usinipambe." Nikasema:

"Bwana Kofia, mie sikuwa jitu. Jitu alikuwa Sadique, rafiki yangu, mguu wake wa kushoto ulivunjika utotoni, ndio huo unauona unavutwa. Kafa kwenye vita vya kwanza vya hapa kwetu, hayupo wa kunipinga. Mie nilikuwa mshika kamba, ile ya kuzuia watu njiani. Rafiki yako alisema kweli. Aliweka mtu kwenye njia, na mtu huyo ni mie."

Cátia katafsiri, nikaendelea.

"Alikuja Mariamo na mtoto mgongoni na beseni limejaa. Nikamwambia simama, Wazungu wanapiga. Kaniambia, Tuaibo, lile wingu unaliona? Wewe mtu wa hapa hujui mvua inaifanya nini chumvi iliyolala wazi? Miezi miwili nimeihangaikia, ikinyesha nitarudi na maji yenye ladha. Nilijua. Kila mtu wa hapa anajua, wingu la kwanza likitokea wa chumvi hasimamishwi na yeyote, hata akiwa mkubwa wa serikali. Nikashusha kamba, nikasema pita. Hakukosea njia. Aliomba, nikampa ruhusa. Halafu wakaja kutafuta wa kulaumiwa nikanyamaza, maana kazi ile nilikuwa naitaka. Na aliyeniuliza baadaye nilifanya nini kwenye filimu, nilimwambia jitu. Nani amsifie mshika kamba? Kama unataka kufuta aliyekosea, nifute mie, yeye mwache."

Cátia kafika hapo, kanigeukia. Kasema chini chini, "Babu, wewe humo kwenye filimu. Hata kidole."

"Mwambie hivyo hivyo."

Mzee karudisha miwani. Halafu kauliza kitu, Cátia kasita kabla ya kutafsiri.

"Anauliza, chumvi yake iliokoka?"

Nikamgeukia Rehema. Yeye ndiye aliyejibu. "Ile ya beseni iliokoka. Ya shambani iliyeyuka yote. Mama alikuwa anasimulia."

Kabla mzee hajajibu, rede ikakatika.

27 Februari

Rede hamna. Mvua.

28 Februari

Gaspar hajanitania. Kanipisha kiti. Bora angenipiga.

2 Machi

Watoto wamenibatiza Mshika Kamba. Wanafunga kamba njiani nikipita, wananiambia simama Wazungu wanapiga. Nimewaambia nyinyi kamba yenu imelegea, mie yangu ilikuwa imekaza. Kumbe hata hili la kamba naweza kulisifia.

5 Machi

Nimefuturu kwa Rehema. Nilikuwa naogopa kupita mlangoni kwake. Kanitilia uji, kasema, "Kwa hiyo ni wewe uliyempitisha mama."

"Ni mie."

"Na yule kijana wa watu ukamwacha alie."

"Nilimwacha."

Kala tende ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu kasema, "Kesho njoo tena, kuna mihogo." Rehema nilikuwa namwona mtu wa badjia na salamu. Miaka yote jirani, sijajua kama ana mizani ndani inayopima hivyo.

9 Machi

Wamesema mnara umepigwa na radi. Zimebaki wiki tatu filimu ifungwe. Cátia kapanda bodaboda kwenda kutafuta rede kilimani, karudi matope mpaka kwenye nyusi. Hamna.

14 Machi

Hamna.

17 Machi

Cátia kaniuliza, kama jibu ni hapana, nitajutia kusema? Nikawaza. Nikamwambia muulize mtu aliyeshusha mzigo wa miaka arobaini kama mgongo unamuuma. Unauma, lakini kwa namna nyingine. Halafu nikaona nimesema kama shehe, nikamuomba anioneshe yule kuku wa kwenye sayari. Kuku kashaondolewa. Masikini.

21 Machi

Idi. Rede imerudi wakati wa swala, simu zote msikitini zikalia pamoja, imamu kakasirika. Cátia kaja mbio mpaka kwangu, na viatu mkononi.

Ujumbe ni wa tarehe moja. Ulikuwa unasubiri tu huko hewani! Mzee anasema: "Nilitaka kumfuta kwa hasira niliyokuwa nayo kwa mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa na kosa. Mwanamke abaki, na kivuli, na nyayo. Jina lake liandikwe mwishoni pamoja na la mtoto. Liandikwe la rafiki yangu, msaidizi wa kwanza. Liandikwe la Sadique, jitu. Na Tuaibo, mshika kamba." Halafu chini: "Kuku sijamsamehe."

Nikaenda kumwambia Rehema. Alikuwa anakanda. Kasema alhamdulillahi, mikono ikaendelea kukanda, unga ukawa mwembamba kama karatasi.

4 Aprili

Jua! Mvua imeisha, nyumba inatoa mvuke.

Filimu imefika. Cátia ana nakala kwa ajili yetu, kabla haijaoneshwa popote. Saa tisa mchana bandani, Gaspar kaandika mwenyewe kwenye karatasi la nje: LEO. Rehema kaja na wanawe wote na wajukuu wawili, kawakalisha mbele, kawaambia atakayelala nampiga.

Nikasimama na fimbo. Majitu mapya yakatoka, vijana wakapiga kelele, na mie nikawaambia ukweli kwa kipaza sauti: huyo anayevuta mguu ni Sadique wa Abdala, mmwonee huruma, suti ile ilikuwa na joto mpaka alizimia mara mbili. Mbinguni wameweka miezi miwili, mmoja mwekundu. Nikafikiria tu, watu wa roketi wamefika mahali pazuri kuliko tulipokuwa sie.

Halafu Mariamo katokea, chini ya miezi miwili, na beseni, na mtoto mgongoni, wazi kama mtu wa jana. Nikavuta pumzi nianze: huyu ndiye mwenye sayari. Banda nalo likavuta pumzi limwitikie. Rehema kanyoosha mkono bila kugeuka. Hakuna aliyesema.

Kavuka. Kaishia.

"Rudisha," Rehema kasema.

Gaspar karudisha. Mariamo kavuka tena. Mjukuu mdogo kauliza, "Yule mtoto mguu wake hausikii baridi?" Rehema kasema hausikii.

"Rudisha."

Tulirudisha mpaka mafuta ya jenereta yakaisha, na hapakuwa na aliyedai hela yake wala kuinuka. Wale watatu wa roketi tumewaacha palepale wanalia hamna mtu, na mpaka saa hii naandika hapa Palma hakuna ajuaye kwenye filimu mpya kama walirudi kwao.